Fundi wa Boila na Hesabu ya Mabua

Ukitaka kumjua Fundi, usianze na uso wake, anza na sikio. Alikuwa akiokota bua la mhindi lililokauka, analisogeza kwenye sikio la kulia kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zilizochoka, kisha analivunja. Likilia pa! anacheka peke yake. Likivunjika kimya, au likipinda tu bila kukatika, analitupa pembeni na kusema, "Hili bado linakunywa maji. Anayekunywa hasumbuliwi." Sijapata kumwona mtu mzima mwenye wajukuu akifurahia bua namna ile. Nami nilikuwa dereva wa trekta lililomletea mabua hayo, kwa hiyo furaha yake niliishuhudia kwa karibu, na mara nyingine ilinichosha.

Kambini kila mwenye spana aliitwa fundi, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua ni yule wa boila. Hata mkewe alimwita hivyo. Shamba letu la mkonge lilikuwa bondeni Korogwe, upande unaotazama Handeni, na baada ya Azimio liliacha kuwa la Mgiriki likawa letu sote, yaani la shirika. Mgiriki alituachia injini ya dizeli iliyoendesha korona, ile mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa nyeupe. Nyuma ya korona, katikati ya magugu, alituachia pia boila la mvuke lililoendesha korona enzi za babu yake, limejaa kutu na viota vya ndege. Injini ilipendwa na kambi nzima. Boila lilikuwa na mpenzi mmoja tu.

Kisha ikaja miaka ile dizeli ilipoadimika. Wiki inapita pipa halijafika, wiki nyingine linafika nusu. Korona isipozunguka, majani yaliyokatwa yanaoza. Yakioza, hakuna singa, na bila singa kambi haina maana. Meneja alitukusanya akatuambia wazi kwamba shirika linafikiria kufunga mashamba yanayokula mafuta mengi na kuwatawanya wafanyakazi kwingine. Niliposikia hivyo nilimtazama baba yangu. Alikuja pale kama manamba, kibarua wa mkataba, kijana wa kusini, akaoa mama yangu Mzigua, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Kusini alikuwa amekusahau, na kusini kulikuwa kumemsahau yeye. Mimi nilikuwa nimetoka jeshini kujenga taifa, nimejifunza trekta, nina nguvu, ningekwenda popote. Yeye angekwenda wapi?

Siku ile ile Fundi alinyoosha mkono. "Ndugu Meneja, boila lipo."

Watu walicheka. Meneja naye alicheka, kisha akauliza kuni atapata wapi, maana msitu ulikuwa umeshakimbilia mbali na akina mama walikuwa wakitembea nusu siku kwa mzigo mmoja. Fundi akajibu, "Sitashindana na akina mama kwa kuni. Nikishindwa nitachekwa, nikishinda itakuwa aibu." Hakusema atachoma nini. Nadhani siku ile alikuwa hajui bado.

Alianza na takataka za korona yenyewe, ile nyama ya kijani inayobaki singa zikishatoka. Ilikuwa nyingi, ilikuwa bure, ilikuwa mlangoni. Tatizo lake lilikuwa maji. Fundi akaamua kuianika, na kwa kuwa bati lenye jua zuri kuliko yote lilikuwa la ofisi, aliianika juu ya ofisi ya Meneja. Siku ya tatu nzi walihamia. Siku ya nne mvua ikanyesha, na uji wa kijani wenye kuwasha ukateremka dirishani mpaka juu ya meza yenye barua za shirika. Meneja alitoka nje anajikuna shingo, anaita jina la Fundi, lile halisi lililoandikwa kwenye daftari la posho, ndiyo mara ya pekee nililisikia. Fundi alikuja taratibu, akatazama dirisha, akasema kwa heshima zote, "Nimejifunza jambo moja, ndugu. Kukausha nako kuna gharama." Basi, akaenda zake.

Ni baada ya hapo alipoingia kwenye mabua na magunzi ya mahindi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanza mashamba makubwa ya pamoja, na mavuno yakishatoka, mabua yalisimama maelfu kwa maelfu, hayana kazi. Fundi alinijia nikiwa chini ya trekta naziba bomba, akachuchumaa, akaanza kuhubiri kana kwamba nina pa kukimbilia. "Ndugu Dereva, sikiliza. Takataka ni mali iliyokosa njia. Mabua yale ni moto uliosimama. Kazi ni kuuleta hapa. Sasa nijibu, trekta lako linakunywa kiasi gani kutoka hapa mpaka kijiji cha kwanza?" Nikamwambia. "Na cha pili?" Nikamwambia. "Na mpaka Mazingara?" Nikamwambia, nikaona anakunja uso. Tangu siku hiyo nilijua mtu huyu hapendi moto tu. Alipenda umbali. Watu walipomuuliza atanunua mabua kwa bei gani, jibu lake lilikuwa moja: "Uliza umbali kwanza, bei baadaye."

Safari ya kwanza tulirudi na tela limejaa mpaka vijana wanalishikilia kwa kamba. Kambi ilitoka kushangilia. Boila likala mzigo wote kabla ya chai ya saa nne! Fundi alisimama mbele ya mlango wa moto, mikono kiunoni, akasema, "Tumebeba upepo." Kweli, mabua yaliyopakiwa ovyo ni hewa tupu. Nilikuwa nimechoma dizeli kwenda na kurudi kuleta hewa. Akachukua chokaa, akatembea kwa miguu kwenye barabara ya Handeni, na mahali hesabu yake ilipokataa akapaka jiwe likawa jeupe. "Hapa ndipo faida inapofia," aliniambia. "Ukivuka jiwe hili, dizeli unayochoma kutafuta mabua inazidi dizeli ambayo mabua yenyewe yanaokoa. Usivuke, hata wakikuahidi mbuzi."

Jiwe lilikuwa karibu mno. Ndani yake kulikuwa na kijiji kimoja na nusu, na mabua yake yasingeendesha korona hata mwezi. Mtu mwingine angekata tamaa. Fundi alikwenda kwenye presi, mahali singa zinapokandamizwa kuwa marobota ya kusafirishwa, akakaa kuitazama siku nzima. Jumatatu akamwita seremala. Wakatengeneza sanduku la mbao na boriti refu, tukalipeleka kijijini. Vijana wanajaza mabua sandukuni, wanne wananing'inia kwenye boriti huku wakiimba, mabua yanalia, wanafunga kwa kamba za mkonge, na robota linatoka gumu kiasi cha kukaliwa. Tela lile lile, safari ile ile, sasa linabeba mzigo! Fundi alichukua chokaa yake, mimi nikamfuata kwa trekta, na tukalihamisha jiwe. Tulilisogeza mbele, tukapita kijiji cha pili, tukapita mto mdogo, tukapita cha tatu. Alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa naimba. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kuimba kwa sababu ya jiwe.

Bila shaka, kitu kikishapata bei, akili za watu hubadilika. Asubuhi moja mama mmoja wa kijiji cha pili alifika kwenye boila kwa miguu, kanga mbili, ndoo mkononi, amefura.

"Fundi yuko wapi?"

"Nipo, mama. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kuchukua bafu langu."

Tukatazamana.

"Mume wangu kauza mabua ya ua wa bafu," akasema. "Jana nimeingia kuoga, najimwagia maji, nasikia balozi wa nyumba kumi ananisalimia kutoka barabarani. Nami nikaitikia! Ningefanyaje?"

Vijana wa moto waligeuka kutazama ukuta, mabega yanatetemeka. Fundi hakucheka. Alikwenda kwenye marobota akatafuta, akalipata lililo na mabua ya zamani, akavunja moja sikioni. Likalia pa! safi kabisa. Niliona uso wake ukihuzunika. "Mama," akasema, "haya ndiyo makavu kuliko yote niliyopata wiki hii. Lakini ni yako." Akalifungua, akapanda tela, akaenda kuusimamisha ule ua kwa mkono wake, na jioni akatangaza mkutanoni kwamba boila halinunui nyumba za watu.

Nisije nikamfanya malaika. Alihubiri ujamaa asubuhi na jioni, kila mtu kwake alikuwa ndugu, lakini spana yake kubwa hakumwazima mtu hata siku moja. Ukiiomba angekuuliza kwanza una kazi gani nayo, kisha angekuja kuifanya hiyo kazi mwenyewe huku akikutukana kwa upole. Alikuwa mtu wa moto, lakini nyumbani kwake alikula ugali uliopoa, kwa sababu alikuwa akichelewa mpaka mkewe akachoka kupasha. "Moto wote kampa yule Bi Mkubwa wa chuma," mkewe alituambia, "mimi kaniachia moshi." Tena alikuwa mbishi. Ukimsahihisha hadharani alikununia siku mbili, hata kama baadaye, akiwa peke yake, alikubali.

Mtu pekee niliyemwona akimshinda papo kwa papo ni mzee mmoja wa Kimaasai. Alikuja pale kijijini penye sanduku, akasimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo, akatazama kazi muda mrefu.

"Sopa, mzee," Fundi alisema.

"Hepa. Wewe ndiye unayenunua chakula cha ng'ombe wangu?"

"Mimi nanunua mabua, mzee."

"Ndiyo hayo." Akaelekeza fimbo shambani, kulikobaki weupe. "Kila kiangazi ng'ombe wangu wanaingia hapa baada ya mavuno. Wanakula mabua, wanaacha mbolea, mwenye shamba namletea maziwa. Baba yangu alifanya hivyo na baba zao. Moto wako ukila, unaacha nini?"

"Majivu," Fundi alisema.

"Yanakamuliwa?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawaita wazee wa kijiji. Tulikuwa tumeyaita mabua yale takataka, kumbe yalikuwa na mwenyewe siku zote, ila hakuwa ameandika popote. Wakakubaliana: mistari miwili ya boila, mmoja wa ng'ombe, na tela lisirudi tupu kijijini, lirudishe majivu. Hesabu yake yote ilipungua kwa theluthi siku moja, na jioni ile aliianza upya akiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu. Hata watu wa Mpale, kule milimani, walipomwita akanunue mabua yao, alipanda nami mpaka tulipoacha trekta tukatembea, akaona walivyolaza mabua yao kukinga udongo kwenye mteremko, akakataa. "Mkiniuzia haya mtakuwa mmeniuzia shamba," aliwaambia. "Mvua ya kwanza itakuja kulichukua." Tulikula ndizi zao tukashuka mikono mitupu, na Meneja alitusubiri kwa maneno makali.

Sasa nifike kwenye ile wiki, ambayo nimeizunguka muda mrefu kama mtu anayezunguka nyoka.

Shirika lilituma wakubwa wawili kutoka Tanga. Masharti yao yalikuwa mepesi kueleza: korona izunguke siku sita mfululizo kwa mabua peke yake, yaliyotoka ndani ya jiwe jeupe, ili ijulikane kama kazi hii inajilipa. Ikiweza, kambi inabaki. Ikisimama hata nusu siku kwa kukosa moto, shamba linafungwa mwisho wa mwezi. Waliifunga injini kwa waya na lakiri ya risasi. Pipa la dizeli ya injini walilipima kwa kijiti, wakatia alama kwa kisu, wakaliacha stoo. Trekta langu lilipewa mafuta yake ya kutosha kufika kwenye jiwe na kurudi, si zaidi.

Siku ya kwanza na ya pili korona iliimba. Siku ya tatu mchana vuli ilikuja kabla ya wakati wake, mvua nene, na marobota yote ya vijiji vya karibu, yaliyopangwa wazi kando ya barabara, yalilowa mpaka katikati. Fundi alivunja bua sikioni, likanyamaza. La pili likanyamaza. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu Dereva, kesho asubuhi moto utalala." Akaenda kukaa karibu na boila, akaweka kiganja chake kwenye chuma, kama unavyomshika mgonjwa.

Mimi nilijua kitu ambacho yeye hakujua. Mazingara, mbali kabisa kupita jiwe, watu walikuwa wamesikia habari za sanduku, wakajitengenezea la kwao, wakafunga marobota na kuyaweka chini ya mabanda, wakisubiri siku jiwe litakapohamia kwao. Yalikuwa makavu. Na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi, kwa kuwa mafuta ya trekta yalikaa humo humo.

Nilikinga dizeli ya injini ndoo kwa ndoo, na kila ndoo niliyotoa nilirudisha ndoo ya maji. Mafuta huelea juu ya maji, kila dereva anajua hilo. Kijiti kingeingia na kutoka kimelowa dizeli, mpaka kwenye alama ile ile. Kisha nikaenda Mazingara, zaidi ya mara moja. Nilipovuka jiwe mara ya kwanza nilitazama upande mwingine. Fundi aliponiuliza mabua makavu nimeyatoa wapi, nilimwambia wanakijiji wa karibu walikuwa wameficha mengine ndani ya mabanda yao. Aliniamini papo hapo. Hakuwa na sababu ya kutoniamini: kwenye barabara ile mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Siku ya sita saa kumi jioni, korona ilikuwa bado inazunguka. Wakubwa walipima pipa, wakaona alama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Watu walimbeba Fundi mabegani, wakamzungusha kambi nzima, wanawake wanapiga vigelegele, na yeye juu kule anapiga kelele, "Angalieni mlango wa moto, jamani, mtu asimame na moto!" Baba yangu alicheza. Alikuwa na mgongo uliopinda na alicheza. Nilicheza naye, nikalia, nikafurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nisidanganye hapo.

Kambi ilibaki. Shirika lilituletea mabati ya kujengea mabanda, tukachanganya mabua na dizeli kidogo, tukasukuma misimu minne. Baba yangu alifia kwenye kitanda chake, akazikwa na watu waliomjua. Ila wale wakubwa walichukua karatasi ya Fundi yenye hesabu za siku zile sita, wakaipeleka shamba jingine ng'ambo ya pili ya Korogwe, wakanunua boila, wakapaka jiwe lao, wakasema: mabua ya umbali huu yanatosha. Yakaisha katikati ya msimu. Korona ya kule ilisimama kwa wiki, mkonge ukaoza, na kambi ile, si yetu, ikatawanyika. Fundi aliitwa kueleza. Alirudi na uso ambao sikuwahi kuuona, na watu wakaanza kumwita Fundi Mabua, kwa kejeli. Aliacha kuimba. Nilipita mbele yake na trekta kila siku na kila siku nilinyamaza. Nilijiambia, maji yakimwagika hayazoleki. Huo ni msemo mzuri sana kwa mwoga.

Mwishowe mashamba yote yalifungwa, si kwa ajili ya mabua wala dizeli. Dunia ilianza kufunga mizigo yake kwa kamba za nailoni.

Miaka ikapita. Ilikuwa wakati maduka yameanza tena kuwa na sabuni, nami nilikuwa naendesha lori la mtu, nikasikia Fundi anaishi Masuguru. Nilikwenda asubuhi, nikapiga hodi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba! Ndugu Dereva! Mke wangu, njoo umwone! Kaa, kaa hapa, wewe ndiye mtu niliyekuwa namhitaji." Hakuniuliza habari za watoto wala za safari. Aliingia ndani akatoka na madaftari ya shule, saba au nane, yamejaa tarakimu. Alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu, lakini mikono ilikuwa na haraka ile ile. "Tazama. Kwetu, mabua ya ndani ya jiwe yalitosha siku sita, tena na mvua juu. Kule, umbali ule ule, mashamba makubwa zaidi, hayakutosha. Kwa hesabu yangu, hata kwetu yasingetosha. Kuna kosa. Nimelitafuta kila mahali, kwenye uzito, kwenye unyevu, hata kwenye ng'ombe. Wewe ulikuwa barabarani. Kosa liko wapi?"

Mkewe aliweka chai. "Ana miaka na hilo kosa," aliniambia. "Harusi ya binti yetu alikwenda na daftari."

"Wale watu walinitegemea," Fundi alisema, sauti imeshuka. "Walitawanyika kwa hesabu yangu. Nataka kujua tu nilikosea wapi kabla sijafa."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, ndoo, maji, Mazingara, mabanda niliyoyatunga. Nilizungumza nikitazama chai. Nilipomaliza, mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo yalitoka nje ya jiwe," Fundi alisema.

"Ndiyo."

"Ya ndani yalikwisha siku ya tatu."

"Ya tatu, baada ya mvua."

Akainuka. Nilidhani ananifukuza, nami ningekwenda. Alipiga kofi daftari akapaza sauti mpaka jirani akachungulia, "Hesabu ilikuwa sawa! Mke wangu, umesikia? Isingetosha! Hata kwetu isingetosha! Hakuna kosa!" Alizunguka chumba, akanishika mabega, akanitikisa, anacheka na machozi yanateremka, mtu wa umri ule, na mimi nikaanza kucheka naye bila kujua nacheka nini. Kisha akasimama. Niliona jambo la pili likimfikia.

"Walinibeba mabegani," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Kilemba cha ukoka." Akakaa. "Ungeniambia wiki ile, ningekupeleka kwa Meneja kwa mkono wangu mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

"Na baba yako?"

"Alikufa kambini, kwake."

Alitikisa kichwa polepole. "Yetu ikabaki, ya wenzetu ikatawanyika. Hilo siwezi kulipima, Ndugu Dereva. Mimi najua moto tu. Hilo utalibeba wewe." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliniuma. Kisha akalifungua daftari ukurasa mweupe, akanisogezea pamoja na kalamu. "Andika. Tela zilizotoka Mazingara ni ngapi. Kwa mkono wako, uweke na jina. Nitawapelekea wale wa kule, waliobaki."

Nikaandika, nikampa. Alilisogeza daftari karibu na jicho lake zima, akasoma, midomo inacheza.

"Umeandika nne."

"Nne, Fundi."

"Tela lako lilikuwa likibeba marobota ishirini. Siku tatu za mwisho nilichoma mia moja, na ya karibu yaliyolowa sikuchoma hata moja." Alinirudishia kalamu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri tu.

Nikaikata ile nne, nikaandika tano.